Fundi Aliyezibadilisha Nguo za Marehemu

Mie skuli nilifika mpaka mlangoni. Nikamwona mwalimu ana bakora ndefu kuliko mnazi, nikageuza. Tokea siku hiyo kazi yangu baiskeli na muhogo: nauchukua Ole, nauuza Mtambile. Kwa hiyo msinitake maneno ya kitabuni. Na mkisikia jambo limekuwa kubwa mno, ligaweni kwa nne, kitakachobaki ndo kweli. Ila yako mambo ya Bi Fundi ambayo sikuyaongeza hata punje, na tukifika hapo mtajua wenyewe.

Sote tulimwita Bi Fundi. Jina alikuwa nalo, lakini walilijua sheha na mamake, na mamake keshakufa. Alikaa nyuma ya maduka ya Mtambile, nyumba ya udongo yenye baraza fupi, na barazani kamba zimetandwa huku na huku, nguo zinaning'inia, unaingia umeinama kama unatafuta sindano. Mwenyewe mwembamba, ukimtazama ubavuni humwoni. Vidole vimekolea rangi mpaka ndani ya kucha. Akila wali mweupe, ukitupa jicho sahani yake unadhani pilau.

Kazi yake ilikuwa kuzifanya nguo kuukuu ziwe nyengine. Si kushona. Mafundi cherehani tunao tele, wanakaa barazani wanapiga soga na mashine inakwenda yenyewe. Bi Fundi yeye alipaka. Nguo ikija imechoka, ina madoa, yeye anaitandika juu ya mkeka na kuitazama muda mrefu mpaka weye uliyeileta unaona haya. Doa la utomvu wa mgomba, mnalijua, halitoki hata ulisomee dua. Yeye halitoi. Analizungushia rangi, doa linakuwa jani. Madoa matatu yanakuwa tawi. Pakiwa na tundu anatia shanga, au vile vidude vya kumeremeta anavyovikwanyua kwenye magauni ya harusi yaliyokufa. Ukosi ukichakaa anaugeuza na kuutia lesi. Brashi yake mswaki, ule wa mti, kautafuna ncha mpaka ukawa nywele.

Nikamuuliza, "Bi Fundi, na meno unapigia huohuo?"

"Wa meno uko kulia, wa rangi uko kushoto," kanambia. "Siku nikikosea nitacheka kijani. Sogea, unanizibia mwanga."

Kitu chenye roho hakukichora. Aliogopa kuulizwa siku ya kiyama atie pumzi na hana. Basi alikuja bwana mmoja kutoka Gombani, shabiki wa mpira, kifua mbele, anataka simba mzima mgongoni mwa jaketi lake, akaingie nalo uwanjani. Bi Fundi kakataa. Bwana kang'ang'ania, kaleta na pweza. Alipokuja kulichukua jaketi kakuta majani marefu, marefu, na katikati mkia unamalizikia.

"Simba yuko wapi?"

"Kakuona huna nyama, kenda zake."

Na yule bwana alilivaa. Nasikia Gombani nzima ilicheka mpaka mechi ikachelewa. Hiyo gaweni kwa nne.

Lakini hayo ya simba na harusi yalikuwa ya kupitishia wakati. Kazi yake hasa ilikuwa nguo za watu waliokufa.

Kwetu mtu akishazikwa, na hitima ikishasomwa, nguo zake zinatolewa sadaka. Ndo vizuri, maskini anasitirika na marehemu anapata thawabu. Taabu ni kwamba Pemba ndogo. Umetoa kanzu ya babako leo, Ijumaa unaikuta safu ya mbele msikitini inarukuu. Gauni la dadako unakutana nalo kisimani, limechota maji. Wako watu walioanguka njiani. Basi warithi wakawa wanampelekea Bi Fundi kwanza. Yeye anazibadilisha mpaka mamake marehemu apite nazo bega kwa bega asizijue. Kisha anazifunga bahasha, furushi la kitambaa, anapanda gari mwenyewe, za Ole anazigawa Mtambile na vijiji vya huku, za Mtambile anazigawa Ole. Anayepokea hajui za nani. Aliyetoa hajui zimekwenda kwa nani. Anayejua pande zote mbili ni Bi Fundi peke yake, na mdomo wake ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa kamba.

Mie nilijaribu kuufungua. Nilimpelekea halua, kikapu kizima, ile ya kutoka Wete inayovutika kama mpira. Nikamuuliza nguo za kakangu kampa nani. Kaila ile halua mpaka kikapu kikabaki harufu. Kisha kanambia, "Tamu. Sisemi."

Kakangu alikuwa na koti lake moja jeusi. Alipokufa nikalipeleka mwenyewe. Kwa moyo wangu nilisema, huyu bibi atapaka atakavyopaka, koti la kaka nitalijua tu. Mwaka mzima nikawa nawatazama wanaume migongo. Nateremka kwenye baiskeli, namzunguka mtu, nampapasa bega na kujidai nampangusa vumbi. Watu wakaanza kunikimbia, wakasema yule muuza muhogo kapata wazimu mpya juu ya ule wa zamani. Sikuliona. Na siku nilipokubali kuwa sitaliona, nililala usingizi mzuri wa mwanzo tangu azikwe. Nikamwendea Bi Fundi, nikamshukuru. Nilidhani kila mtu atashukuru kama mie.

Alikuwa mtu wa ajabu. Walio hai aliwakaripia, nguo aliziamkia. Nimemsikia kwa masikio yangu, kafungua bahasha, kasema, "Asalaam alaykum. Weye ulikuwa ukipenda kukaa chini, enh?" kwa sababu kaona suruali ilivyoliwa matakoni. Shati akilitazama mabegani anakwambia, huyu alichukua mizigo bega la kushoto, la kulia lilikuwa likimuuma. Na mtu kweli lilikuwa likimuuma. Lakini nyumba ya msiba hakuitia mguu. Wenzake wanakwenda kuosha maiti, yeye anapeleka sukari na kuishia mlangoni. "Nikimwona uso siwezi kumpaka," ndo jawabu lake. Na yeye mwenyewe, aliyewapambia watu nusu kisiwa, alikuwa na kanga jozi moja imepauka mpaka maandishi yamekimbia. Nilimwambia ajipake na yeye kidogo, ajitie japo tawi. Kanambia hana doa. Kisha kajitazama, kacheka, kasema, "Muongo. Ninayo tele."

Sasa ndo tunafika.

Jirani yangu Bi Riziki alikuwa na mtoto mmoja, Kombo. Kijana mzuri, mchumaji karafuu, anapanda mkarafuu kama anapanda kitandani kwake. Msimu ule tawi likamvunjikia. Hapa siongezi. Alianguka asubuhi, akazikwa alasiri. Bi Riziki akawa hajui mchana wala usiku, kalazwa chumba cha ndani, wanawake wanamshika. Huko nje ami zake Kombo wakafanya haraka ya wanaume: hitima ikasomwa, nguo zikakusanywa, zikapelekwa kwa Bi Fundi. Fulana moja, suruali moja, shati moja la mikono mirefu. Mama mtu hawakumuuliza. Waliona wanamwondolea uchungu.

Bi Riziki alipopata akili yake akafungua sanduku la mwanawe, akakuta nondo.

Ikapita miezi. Siku moja mie nipo sokoni Mtambile na muhogo wangu, ikaja lori ya ndizi kutoka Ole. Juu yake yuko mpagazi mmoja, mtu mzima, kavaa fulana nzuri imejaa majani kifuani, mengine yanapanda mpaka shingoni. Hata mie niliitazama nikasema, kazi ya Bi Fundi hiyo. Bi Riziki amesimama pembeni yangu anachagua muhogo, anautukana kama kawaida.

"Huu muhogo au kuni?"

"Kuni nauza kesho, Bi Riziki."

Yule mpagazi akanyanyua mkono kuteremsha mkungu. Kwapani pa ile fulana paliwahi kuchanika, na pakatiwa nyuzi, mishono midogo midogo, imekaa kama mstari wa chungu wanaotembea. Bi Riziki akaona. Ule mshono ulikuwa wake.

Nilimuuliza Bi Fundi baadaye, imekuwaje weye, macho yako yanaona sisimizi akipiga mwayo Gombani, usiuone mshono wa kwapani? Kanambia aliuona. "Nilikishika kisu niufumue. Nikautazama. Ulikuwa mzuri kuliko wangu. Nikauacha." Basi. Kosa lake lote ndo hilo.

Bi Riziki hakupiga kelele. Alikwenda akamshika yule mtu fulana kwa mikono miwili, akaweka uso kwapani pake, akabaki hapo. Yule mtu na mkungu mkononi hajui auweke wapi. Watu wakajaa. Mmoja akasema, "Kavaa ya maiti huyo," mwengine akasema, "Kaiba," na soko mnalijua, neno likitoka halirudi. Yule mpagazi akaweka mkungu chini taratibu. Akaivua fulana, akampa. Akapanda lori kifua wazi, kakaa juu ya ndizi, wanamzomea, mpaka lori ikaondoka. Mtambile hajarudi tena. Muhogo wangu siku ile niliusahau, ukaliwa na mbuzi, na mie sikuwafukuza.

Bi Riziki akaenda nayo nyumbani. Mie ukuta wangu na wake mmoja, nikawa nasikia kwaru, kwaru, kwaru, tangu asubuhi. Nikachungulia. Kakaa kwenye kibao cha mbuzi, cha kukunia nazi, fulana pajani, kisu mkononi, anayakwangua yale majani. Anataka kumfikia Kombo chini yake. Akakwangua siku tatu. Rangi ya Bi Fundi haikutoka, ila kitambaa kilitoka, kikawa matundu, mwisho ikabaki ile kwapa na mshono wake. Nikamsikia anasema, peke yake, "Kanifutia mwanangu."

Tokea hapo watu wakaacha kumpelekea Bi Fundi. Wengine wakazichoma nguo za maiti wao, wengine wakazisafirisha Unguja, huko watu wengi hawajuani. Kamba zake barazani zikabaki kamba. Majirani wakampelekea chakula, kisha wakachoka, ndo binaadamu. Miguu ikaanza kuvimba. Walimpeleka hospitali, wakamrudisha, wakaambiwa apumzike nyumbani, na sote tukafahamu.

Nilimwona akiwa mtu wa kitu kimoja tu. Chakula hataki, dawa hataki, anataka radhi ya Bi Riziki. Asife na jambo la mtu shingoni. Na mjumbe ndo mie, kwa sababu ukuta mmoja.

Nikaenda mara ya kwanza. Bi Riziki kasema, "Mwambie simsamehi."

Mara ya pili kasema hivyohivyo, mlango kafunga. Mara ya tatu nilijaribu mzaha, nikamwambia ukimsamehe nitakupa muhogo wa bure mpaka ufe. Kanitazama, mzaha ukarudi kooni ukakaa kama mwiba wa changu.

Mara ya nne kasema, "Shati liko wapi?"

"Shati gani?"

"La mikono mirefu. Lile halikuonekana. Na liko juu ya mtu mahali. Anambie kampa nani, nami namsamehe. Asiponambia, aende nalo kaburini."

Nikamfikishia. Bi Fundi kageukia ukutani.

"Sisemi," kasema.

Nikamwambia, Bi Fundi, weye unakufa, jina la mtu mmoja wa Ole litakupunguzia nini? Nikarudi kwa Bi Riziki, nikarudi kwa Bi Fundi, wiki mbili nimekuwa kama ule uzi wa cherehani, juu chini, juu chini. Yule anasema anambie, huyu anasema sisemi.

Mara ya mwisho tulipokaa naye vizuri ilikuwa siku nne kabla hajafa. Asubuhi, jua bado halijapata nguvu. Nimemletea maji, namwegemeza ukutani, nikasikia hodi. Bi Riziki kasimama mlangoni.

"Asalaam alaykum."

"Waalaykum salaam," kajibu Bi Fundi. "Karibu ndani, bibie."

"Hapa panatosha." Kakaa kizingitini, ubavu ndani, ubavu nje. "Nimekuja kuuliza la shati."

"Najua."

"Nilimnunulia mwenyewe, la Idi."

"Najua. Kifungo cha pili hakikuwa chake. Ulikitia weye."

Bi Riziki kauliza, "Umekitoa?"

"Nimekitoa."

"Kapewa nani?"

"Sisemi."

"Unataka radhi yangu, na hutaki kusema."

"Naitaka kuliko hewa," kasema Bi Fundi, na hewa kweli alikuwa anaitafuta. "Lakini yule wa fulana mpaka leo hashuki Mtambile. Wanawe wanaambiwa mtoto wa mvaa maiti. Huyo nimemmaliza mie kwa mshono mmoja. Wa pili simtoi."

"Sitomshika. Nitamtazama tu, kwa mbali."

"Ukimwona utamshika. Mie ningemshika."

Akaingia kuku, katembea katikati yao kama mwenye nyumba. Nilikuwa na la kusema juu ya yule kuku, zuri, lingewachekesha mawe. Nikalimeza.

Bi Riziki kauliza, sauti nyengine, "Kwani analipenda?"

"Analivaa Ijumaa. Hana jengine la Ijumaa. Ana watoto wanne, kalitundika juu darini wasilishike."

"Limekaa vipi mabegani?"

"Linampwaya kidogo. Kombo alikuwa na mabega."

Bi Riziki katikisa kichwa, ndo, alikuwa na mabega. Kisha kasema, "Mikono mirefu. Karafuu zikija atalivaa, majimoto yasimtafune." Majimoto ni wale chungu wekundu wa mikarafuuni, na kweli kila mtu anatafuta mikono mirefu. "Mwambie asilipandie mkarafuu."

"Nitamwambia."

"Aape."

"Nitamwapisha."

Bi Riziki kainuka, kakung'uta kanga yake, kenda zake. Hakuaga.

Bi Fundi kanitazama. "Hakulisema," kasema. Lile neno la radhi.

Mie ningeweza kumdanganya. Mie ambaye samaki wangu hawaingii baharini kwa ukubwa. Nikamwambia, "Hakulisema."

"Na Ole sifiki, na karafuu zishaanza kuwiva. Sogea." Nikasogeza sikio. Akanambia jina.

Msiniulize. Nilikwenda Ole siku ileile, milima yote ile, bila ya gunia. Njiani watu wananiita, "Yakhe, leo una habari gani?" nami nawaambia, "Salama tu," mpaka mmoja kauliza kama naumwa. Nikamkuta mtu mwenyewe uani kwake anamenya muhogo. Nikamwambia lile shati lako la Ijumaa, usipandie mkarafuu, uape. Kaacha kumenya, kanitazama, kaweka mkono juu ya kichwa cha mwanawe mdogo, kaapa. Hakuuliza kwa nini. Nadhani alifahamu.

Niliporudi nikaanza kwa Bi Riziki. Anafagia uwanja. Nikamwambia, kaapa.

"Haya," kasema, kaendelea kufagia. Alipofika pembe ya nyumba kasimama. "Kala leo?"

"Nani?"

"Usijifanye mjinga, ujinga umezaliwa nao tayari. Yule mgonjwa."

"Hajala. Siku ya tatu hii."

Kaingia ndani. Nikasikia kuni, nikasikia upawa. Katoka na bakuli la uji limefunikwa sahani, kanipa, moto unaniunguza vidole. "Mpelekee," kasema. "Usimwambie umetoka wapi."

Nikaupeleka. Nikamwegemeza Bi Fundi ukutani, nikamshikia bakuli mdomoni. Kaonja. Kaonja tena, kaubakisha ulimini kama anatafuta kitu.

"Uji wa nani huu?"

"Sisemi," nikamwambia.

Kanitazama muda mrefu, vile alivyokuwa akitazama nguo. Kisha kashika bakuli kwa mikono yake mwenyewe, yenye rangi, kanywa wote.